Kioo cha bafuni kinapauka kila ukioga? Tatizo haliko kwenye kioo

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita na wa saba huku Njombe maswali ni yaleyale. Safari hii kwenye grupu la mtaani kwetu dada mmoja kapost picha ya kioo cha bafuni kimepauka cheupe pe, hata sura yake haionekani, akauliza jamani hiki kioo nimenunua juzi tu, ndo kimeshaharibika? Majibu yakamiminika. Mmoja kasema ni kioo feki, mwingine kasema fundi kakibandika vibaya maji yanapenya kutoka ukutani, mwingine akamwambia apake mafuta ya kupikia ili maji yateleze, na mmoja, huyu ndo kanifanya nikae niandike yote haya, akamshauri alifunge dirisha muda wote kwa sababu ukungu wa nje ndo unaoingia ndani. Dada wa watu akafunga. Wiki tatu baadaye akaleta picha nyingine, ya dari la gipsamu lina madoa meusi.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Mvuke ni maji yaliyogeuka kuwa hewa, na mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Najua utaniambia mbona wa birika nauona kila siku. Hebu leo ukichemsha maji ya chai sogea uangalie mdomo wa birika kwa karibu (usiunguze mkono): pale unapotokea tu, sentimita moja mbili za mwanzo, pako patupu, unaona hadi ukuta wa nyuma, halafu mbele kidogo ndo linaanza lile wingu jeupe. Pale patupu ndo penye mvuke. Lile wingu ni vitone vidogo sana vya maji, yaani mvuke ulioshapoa ukarudi kuwa maji, na huo ndo ukungu. Umande je? Umande ni maji yaliyotoka hewani yakatua kwenye kitu cha baridi, kama ule unaolowesha viatu ukikatiza nyasi alfajiri. Kwa hiyo kile kilicho juu ya kioo chako kwa jina lake halisi ni umande. Haukutoka ukutani wala ndani ya kioo. Soda ikitolewa kwenye friji chupa inatoka jasho na hakuna anayesema chupa inavuja, sote tunajua maji yale yametoka nje ya chupa, kwenye hewa. Kioo cha bafuni ni jambo hilohilo.

Halafu kuna ukungu wa pili, ule unaoota kwenye mkate uliokaa sana, wengine wanauita kuvu, wengine fangasi. Kiswahili kinatumia neno moja kwa wote wawili na mimi naona kimepatia kabisa, maana bafuni wanafuatana: ukungu wa kwanza ukikaa muda mrefu kwenye dari na pembe za ukuta, wa pili anaota. Hii ndo sababu nalichukulia hili swali kwa uzito kuliko watu wanavyodhani. Kioo hakidhuriki sana na yale maji, ila kioo ndo sehemu pekee ya bafu ambapo unayaona. Yaleyale yametua kwenye dari, kwenye fremu ya mlango, nyuma ya kabati, na kule huyaoni mpaka pawe peusi.

Sasa kwa nini hewa inamwaga maji? Chukulia hewa kama gari la abiria na abiria ndo mvuke. Hewa ya moto ni basi kubwa la mkoani, hewa ya baridi ni kipanya. Na namba zake zipo: mita moja ya ujazo ya hewa ikiwa na nyuzi joto 10 inabeba kama gramu 9 za mvuke tu na hapo imejaa, ikiwa na nyuzi 20 inabeba 17 hivi, ikiwa na 30 inafika 30, na ikiwa na 40 inapita 50. Wewe unaoga, hewa ya bafuni inapata joto, basi linazidi kuwa kubwa, abiria wanapanda kutoka kwenye maji yako ya moto. Halafu hewa hiyohiyo inakwenda kugusa kioo ambacho usiku kucha kimelala ukutani na baridi ya Njombe, kina nyuzi 13 au 14. Palepale jirani na kioo basi linageuka kipanya, abiria waliozidi wanashushwa, na kituo chao ni juu ya kioo. Lile joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kushusha maji linaitwa kiwango cha umande. Kioo kikiwa cha baridi kuliko kiwango hicho kinalowa, kikiwa cha moto kuliko hapo hakilowi, iwe ni kioo cha elfu kumi au cha laki tano.

Na maji yanayotakiwa ni machache mno. Bafu la kawaida la nyumba ya kupanga, tuseme mita moja na nusu kwa mbili na kimo cha mbili na nusu, lina mita za ujazo 7 na nusu. Kwa nyuzi 20 hewa yote ya bafu hilo inajaa kwa gramu 130 hivi, nusu glasi ya maji! Na hewa haianzi ikiwa kavu, inaanza ikiwa tayari imebeba nusu ya mzigo wake au zaidi, kwa hiyo wewe unaongezea vijiko vichache tu vya chakula na imefurika.

Hapa wengi wananiuliza mbona zamani tukioga maji ya ndoo kioo hakikuwa hivi, kwani shawa ya umeme ina kasoro gani. Haina kasoro. Fikiria nguo zilizofuliwa, ukiziacha zimejikunja kwenye beseni kesho unazikuta mbichi, ukizianika kwenye kamba saa mbili zimekauka, maji ni yaleyale ila kwenye kamba yamepata eneo kubwa la kugusa hewa. Ndoo ni beseni, shawa ni kamba. Shawa inayachana maji kuwa matone maelfu na kila tone linatoa mvuke pande zote kabla halijagusa sakafu. Na kama bado unatumia ndoo, tanguliza maji ya baridi halafu ya moto yamiminie juu yake. Ukianza na ya moto peke yake ndoo inafuka muda wote unaohangaika kutafuta ya baridi, na mvuke huo wote unabaki bafuni.

Kwa hiyo ukiondoa maneno ya pembeni kuna njia tatu tu za kumaliza hili jambo. Upunguze maji yaliyo hewani, au uongeze joto la kioo, au uyaache maji yatue kwenye kioo lakini yasikae kwa umbo la vitone. Dawa yoyote utakayouziwa sokoni au kuambiwa na shangazi ni moja kati ya hizo, kama haimo basi haifanyi kazi.

Nianze na ya tatu maana ndo rahisi na watu hawaiamini mpaka waione. Maji hayazuii kuona, glasi ya maji safi unaona upande wa pili. Kinachozuia ni umbo. Umeshaona kioo cha gari kikipigwa jiwe kikapasuka vipande vidogovidogo? Kinageuka cheupe, huoni kitu, na bado ni kioo kilekile kilichokuwa kinaonyesha dakika moja nyuma, ila sasa mwanga unagonga kingo nyingi na kutawanyika kila upande. Vitone vya umande vinafanya hivyohivyo. Ukiweza kuvifanya vilale viungane viwe tandiko moja jembamba la maji, mwanga unapita na sura yako inarudi.

Na kwa nini havilali vyenyewe? Kwa sababu kioo kina mafuta. Mikono, losheni, spreyi ya nywele, vumbi la jikoni, vyote vinaacha utando, na maji juu ya mafuta yanajikunja kama mvua kwenye jani la gimbi, kila tone linasimama kivyake kama gololi. Sabuni inavunja hiyo hali, inayafanya maji yapoteze nguvu ya kujikunja. Ndo maana ule ushauri wa kupaka mafuta ya kupikia ni mbaya kabisa kabisa, unakigeuza kioo chako kuwa jani la gimbi. Vaselini nayo hivyohivyo, na nta ya mshumaa.

Nilijaribu kwangu. Nilikisafisha kioo vizuri kikakauka, nikachukua kitambaa laini kikavu nikakitia tone moja tu la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nikapaka upande wa kushoto peke yake, halafu nikafuta na upande mkavu wa kitambaa mpaka michirizi ikaisha na ungeapa hakuna kitu. Kulia sikugusa. Nikaoga maji ya moto dakika kumi mlango umefungwa. Nilipotoka upande wa kulia ulikuwa mweupe kama karatasi na wa kushoto najiona, sio kwa usafi wa asubuhi, sura inachezacheza kidogo kama unajitazama kwenye maji yaliyotulia, lakini ndevu unanyoa vizuri tu. Mpaka wa kati ulinyooka kama umepigwa rula. Ilidumu siku nne, ya tano ikaanza kupauka kuanzia juu, kwa sababu kila maji yanaposhuka yanaondoka na sabuni kidogo. Unapaka tena, kazi ya dakika mbili. Kosa wanalofanya watu ni kuosha kioo kwa sabuni halafu kukisuuza, ukisuuza umeiondoa ile unayoihitaji, au wanapaka nyingi wanaacha michirizi wanasema sabuni haifai.

Povu la kunyolea linafanya kazi kwa sababu hiyohiyo, ni sabuni. Shampuu pia. Dawa ya meno ndani yake ina sabuni kwa hiyo inasaidia, ila ina chembechembe za kusugulia, mimi siipendi kwenye kioo na kwenye miwani ya plastiki usithubutu. Siki inasafisha mafuta, na kioo kisafi kinashika vitone kidogo kuliko kichafu, lakini haiachi kitu nyuma, kwa hiyo usiitegemee. Zile stika za kubandika zinazouzwa siku hizi kazi yake ni hiyohiyo ya kuyalaza maji, zinafanya kazi mpaka zichubuke.

Na sio jambo jipya. Wapiga mbizi wanatema mate kwenye kioo cha miwani yao na kuyasambaza kabla ya kushuka, ni njia ileile. Wale mliovaa barakoa na miwani mwaka 2020 mnakumbuka adha yake, na dawa ilikuwa kuosha miwani kwa sabuni ikauke yenyewe. Hata huko angani yamewakuta: mwezi wa sita mwaka 1966 mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, akafanya kazi nzito kuliko mfumo wa kupooza suti yake ulivyoweza, kioo cha helmeti kikajaa ukungu wa jasho na pumzi zake mwenyewe akawa haoni, akiwa nje kwenye utupu, ikabidi aache jaribio kabla halijaisha na kurudi ndani. Baada ya hapo safari zilizofuata walipaka dawa ya kuzuia ukungu ndani ya vioo vya helmeti.

Njia ya pili, joto, ni ile ya mistari ya kioo cha nyuma cha gari. Vile vioo vya bafuni vyenye taa na kitufe cha kugusa, vingi vina karatasi ya umeme nyuma inayopasha kioo. Watu wanaogopa itawamalizia uniti za umeme. Haiwezi. Tuseme inatumia wati 50, ukiiwasha dakika ishirini hata uniti moja kwa siku hamsini haifiki, wakati shawa ya umeme ya wati 5,000 inakula uniti hiyo kwa dakika kumi na mbili. Cha muhimu uiwashe kabla hujaanza kuoga, kioo kinahitaji dakika kadhaa kupata moto. Na wakati wa kufunga, muite fundi umeme anayejua bafu, sio yeyote anayeunga waya.

Hapa niseme mawili bila kuremba. Draya ya nywele inafuta ukungu kwa dakika moja, ni kweli, lakini usiishike ukiwa umelowa miguu iko kwenye maji, toka, jikaushe kwanza, na ukiweza usiitumie kabisa bafuni. La pili ni jiko la mkaa. Huku kwenye baridi wapo wanaoingiza jiko bafuni au chumbani ili pawe na joto na wanafunga dirisha. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu anasikia usingizi tu, haamki. Usifanye hivyo kwa sababu yoyote ile, na mtoto asiogeshwe humo. Hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na hewa ina hatari hiyohiyo.

Njia ya kwanza, kuondoa unyevu, ndo ngumu kidogo na ndo inayookoa dari, maana sabuni inaokoa kioo tu. Na hapa lazima nikanushe ule ushauri wa kufunga dirisha. Mtu anaangalia nje anaona ukungu mzito, manyunyu, anasema nikifungua si ndo naingiza maji ndani? Rudi kwenye basi na kipanya. Hewa ya nje ya nyuzi 10, hata ikiwa imejaa mpaka mlangoni, ina gramu 9 tu. Ikiingia bafuni ikapata joto la nyuzi 20 inakuwa basi lenye nafasi 17 na abiria 9, karibu nusu ya viti viko wazi, inaanza kubeba unyevu wako. Yaani hewa ya asubuhi ya Njombe yenye ukungu inakausha bafu. Ukifungua dirisha dakika kumi na tano baada ya kuoga, mlango wa chumbani ukiwa umefungwa ili mvuke usihamie kwenye magodoro, umemaliza kazi.

Ila usimpelekee ushauri huu mtu wa Dar. Shemeji yangu anakaa huko, chumba chake kina bafu ndani na AC anaiweka kwenye 18 mlango wa bafu ukiwa wazi, akanipigia kwamba kioo kinapauka hata hajaoga, akifungua dirisha ndo kinazidi. Hapo mambo yamegeuka. Hewa ya Dar mwezi wa tatu imebeba zaidi ya gramu 20 kila mita ya ujazo, kiwango chake cha umande kinafika nyuzi 24, na kioo chake kimepozwa na AC hadi 20. Kufungua dirisha ni kuwakaribisha abiria. Yeye anatakiwa afunge dirisha, na afunge mlango wa bafu AC isikipoze kioo. Ndo maana pia magari yenye AC huko yanashika ukungu upande wa nje wa kioo, dereva anafuta ndani weee ukungu hauondoki.

Feni ya kutoa hewa ni nzuri sana ikifungwa sawasawa, na mara nyingi haifungwi sawasawa. Kwanza feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia, acha uwazi wa sentimita moja au mbili chini ya mlango. Pili iendelee kuzunguka robo saa baada ya wewe kutoka, swichi ya pamoja na taa inaikatisha mapema. Tatu, na hili lilinikuta mimi kwenye nyumba niliyopanga kabla ya hii, feni ilikuwa inavuma vizuri kabisa miaka miwili, kumbe fundi aliishia kuitoboa dari tu, hakuweka bomba, mvuke wote ulikuwa unapigwa juu ya dari na kulowesha mbao za paa. Tulijua siku dari ilipobonyea. Panda ngazi uangalie feni yako inatolea wapi.

Kuna pia madoa meusi yanayotokea kwenye kingo za kioo chenyewe, hayo ni kesi nyingine. Kule nyuma kuna utando mwembamba unaorudisha sura, wa fedha au alumini, na unyevu ukipenya kingoni unauozesha. Haufutiki. Kinachosaidia ni kutopulizia dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye kioo ikashukia kingoni, pulizia kitambaa.

Dada wa kwenye grupu tulienda kwake Jumamosi. Dirisha lilikuwa na kitasa kimeshika kutu, likafunguka kwa mafuta kidogo. Kioo tukakihamisha kutoka ukuta unaotazama nje, ambao ndo wa baridi, tukakipeleka ukuta wa upande wa chumbani, tukakipaka sabuni. Gipsamu lile lililolainika halikuwa la kufuta, mwenye nyumba amekubali kulikata kipande na kuweka kipya. Kioo bado kinapauka kidogo kwenye kona ya juu akioga sana, anasema akimaliza kuvaa kinakuwa kimeshakauka.